Mweusi na Kofia za Watu

Jumatatu, 4 Mei

Nimeficha jambo, na kwa kuwa daktari anasema moyo wangu hautaiona theluji ijayo, naliandika. Yule farasi dume mweusi hakuzaliwa mkorofi. Mkorofi nimemfanya mimi.

Sababu ni mwanangu Gantumur. Anataka kunihamishia mjini, ghorofa ya nne, karibu na hospitali. Nikamwambia siondoki kabla Mweusi hajajifunza kuwaongoza majike wake, na kwamba bonde zima hakuna mwingine anayemweza. Kaamini. Nilisomea mifugo, watu huamini.

Jumanne

Kazi inakwenda. Naficha jibini kavu ndani ya kofia yangu kuukuu, Mweusi anaipokonya, anakula. Sasa kila anayemkaribia anarudi kichwa wazi. Solongo, mke wa Gantumur, kasema hasogei tena pale bila mimi. Vizuri sana. Leo kaning'ata bega mimi mwenyewe. Ndiyo gharama ya uongozi.

Alhamisi

Balaa. Alikuja Zundui, rika langu na mpinzani wangu tangu tulipokuwa tukishindana mbio za farasi utotoni. Ndiye anayehasi farasi wa bonde hili. Nilimwonya? Sikumwonya. Nilitaka kuona. Mweusi kamvua kofia, kaitafuna ukingo, kisha kaikanyaga matopeni. Hapa kwetu afadhali umpige mtu makofi kuliko kuigusa kofia yake.

Nikamnyooshea chupa yangu ya ugoro kwa mikono miwili, ndivyo tunavyoombana radhi. Akaitazama tu. Akamwambia Gantumur kwamba dume asiye na adabu dawa yake ni kisu, na Jumapili ni siku njema. Gantumur akakubali. Mweusi akihasiwa, hataongoza majike tena, nami sina wa kumfundisha. Nikikosa wa kumfundisha, ghorofa ya nne.

Ijumaa

Sasa nahitaji farasi mwenye adabu, na upesi. Nimempa jibini mkononi. Kala, kisha kanikagua kichwa kutafuta kofia. Nikajaribu kumkazia macho, kama kiongozi. Naye akanikazia. Niliyeketi kwanza ni mimi, kwa sababu ya moyo.

Jumamosi

Nimepata hila! Majike huteremka mtoni kunywa maji jua likifika utosini, mtu apende asipende. Nimetangaza kwamba kesho nitapiga mluzi mmoja tu, na Mweusi atawapeleka wote majini. Solongo akaniangalia kidogo, akauliza itakuwa saa ngapi. Nikasema saa sita. Akatabasamu, akarudi kukamua.

Jumapili

Zundui kaja na kisu kwenye kitambaa na kofia nyingine kichwani, kaishika kwa mkono. Nikapiga mluzi. Majike wakateremka. Mweusi nyuma yao, shingo chini, akiwakusanya, hata yule kizee wa kijivu anayependa kubaki. Nikageuka nimwone Zundui uso wake.

Hilo lilikuwa kosa. Mweusi alisimama ukingoni, akalitazama kundi, akaona pengo. Akarudi mbio, masikio yamelala. Akaniwekea kifua mgongoni, akanisukuma kama jike aliyechelewa, moja kwa moja hadi mtoni. Maji ya magoti. Sikuanguka, kwani majike walinibana pande zote.

Zundui alicheka hadi akaivua kofia mwenyewe, ajifute machozi.

"Mzee mwenzangu," akasema, "huyu hahasiwi. Kama kakuongoza wewe, uliyewashinda wazazi na walimu, majike watamshindaje?"

Akapokea ugoro. Akavuta mara mbili, bado anacheka.

Aliyefurahi kuliko wote ni Gantumur. Mweusi kafuzu, akasema, basi gari kesho.

"Baba, kazi yako imekwisha."

Solongo akaniletea suruali kavu.

Jumatatu, 11 Mei

Gari liko mlangoni. Nimeutafakari sana uongo na matunda yake. Naungama kwamba tangu mke wangu Tsermaa afariki, Mweusi ndiye wa kwanza kuona sipo kundini na kunirudia. Sikutaka kutoka majini. Nilisema ni miguu iliyokataa.

Zundui yuko nje na ugoro wake, amekuja kuniaga. Gantumur ameenda kumtazama Mweusi mara ya mwisho, kavaa kofia yake mpya ya mjini, nzuri kweli.

Naungama na hili: jibini iliyomo ndani yake nimeiweka mimi.