Tela la Kilo Sabini

Mama mkwe alikuwa anarudi Jumamosi, na vitanda vyake viwili vya chuma vilikuwa vimeshageuzwa tela la kubebea pikipiki.

Hilo ndilo lilikuwa tatizo, na lilikuwa la Hakika peke yake. Jina alilopewa na wazazi wake watu walishalisahau. Walimwita Hakika kwa sababu neno hilo lilimtoka kila alipokaribia kusema uongo. "Hakika, mkubwa, saa hii haiingii maji." "Hakika, mama, jiko hili halijui kula mkaa." Saa iliingia maji siku ya kwanza, na jiko lilikula mkaa kama lina mimba.

Mambo yalianzia kwa kinyozi. Hakika alikuwa amekaa na povu kidevuni alipomsikia mwenye bucha, kiti cha pili, akimwaga malalamiko yake kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na shoka. Alikuwa amenunua pikipiki kubwa ya safari. Alitaka kwenda nayo mbali, kwenye milima na maziwa, ila kiuno kilishamwambia kwamba njia nzima hakiwezi. Alitaka aifunge kwenye tela nyuma ya gari, afike, aishushe, azunguke nayo siku mbili tatu, kisha airudishe nyumbani yeye akiwa amekaa kwenye kiti kama binadamu.

"Shida ni gari langu," alisema. "Dogo, nguvu zake za jogoo. Nataka tela jepesi. Likizidi kilo sabini silitaki hata la sadaka. Lakini nikilipata, natoa laki tano, mkononi, papo hapo."

Mtu mwenye akili zake angejiuliza kwa nini bahili kama yule, mtu aliyeweza kukuuzia mfupa nawe ukashukuru, anatangaza bei kabla hajaulizwa. Hakika hakujiuliza. Alisikia laki tano tu, na masikio yakafunga duka. Alijifuta povu kwa taulo la kinyozi, akatoka na ndevu za upande mmoja.

Nyumbani alisimama mlangoni pa chumba cha mama mkwe. Mama mkwe alikuwa kwa binti yake mwingine, kulea mjukuu mchanga, wiki tatu. Vitanda vyake vilikuwa pale vimetandikwa: chuma cha zamani, miguu minene kama ya ndovu, alivyopewa siku ya harusi yake. Kimoja alilalia, cha pili aliwekea nguo, na hakuruhusu mtu akae juu ya chochote kati ya hivyo.

"Unaangalia nini humo?" mkewe aliuliza.

"Naangalia jinsi mama anavyoteseka. Mgongo wa mtu mzima kwenye chuma! Akirudi atakuta vitanda vipya vya mbao, na magodoro mazito."

"Pesa za nani?"

"Zinakuja. Hakika."

Mkewe alipolisikia neno hilo akaweka mwiko chini. Lakini Hakika alikuwa ameshaanza kufungua nati.

Fundi wa kuchomelea aliyazunguka yale mavyuma mara mbili. Alikuwa mtu wa maneno machache, macho mekundu, na mikono iliyojaa makovu madogo ya cheche.

"Hivi si vitanda?"

"Vilikuwa vitanda."

"Vya nani?"

"Vya familia. Wewe kata."

"Kaka, chuma hiki ni kizito. Hiki si chuma cha siku hizi. Mtu anafia juu yake, na watoto wake wanafia juu yake, chenyewe kimekaa tu. Unasema unataka tela jepesi?"

"Nataka tela linaloonekana jepesi. Litoboe sakafu, liwe wazi, mfereji mmoja tu wa kukalia tairi za pikipiki. Mteja akiona nafasi kati ya vyuma anaona wepesi. Halafu paka rangi ya fedha, tuseme ni aluminiamu. Jicho la mteja halina mizani."

"Na malipo yangu?"

"Nikilipwa, nakulipa."

"Hiyo najua," fundi alisema, akishusha kinyago chake cha kuchomelea. "Nimeshaila kwa chakula cha mchana mara nyingi."

Ekseli ilitoka kwenye mkokoteni wa maji uliokufa. Fundi aliiweka katikati kabisa, kama alivyoelekezwa, ili mbele na nyuma vilingane, na hivyo tela likiwa tupu ukilishika puani linanyanyuka kwa kidole. Mtoto wa darasa la pili akipanda bembea ya ubao, ile ya huku juu huku chini, anaijua siri hiyo. Watu wazima wenye pesa huwa wameshaisahau.

Kilichobaki kilikuwa mizani. Hakika alikuwa nayo, ile ya kupanda na miguu, na ndani yake aliongeza springi ya pili kutoka kwenye kiti cha baiskeli. Ilikuwa mizani yenye huruma. Wanene walishuka juu yake wakitabasamu. Mkewe mwenyewe aliipenda kuliko kioo.

Alhamisi mwenye bucha, aliyekuwa ameitwa na Hakika, alifika kwa fundi na lile gari dogo, akashuka kwa awamu, tumbo kwanza. Tela lilikuwa limeegeshwa juani, linameta mpaka linaumiza macho.

"Karibu, mkubwa," Hakika alisema. "Kabla hujauliza bei, niulize wewe: unajua tela zuri linachaguliwaje?"

"Nifundishe, ndugu yangu. Mimi najua mbavu na paja tu."

Hakika akanawiri. Hakuna mtu anayempenda mwanafunzi kama tapeli. "Kwanza, sakafu. Tela lenye sakafu ya bati ni la kubebea viazi. Pikipiki haihitaji sakafu, inahitaji njia. Hii hapa. Tairi linaingia, linatulia, unafunga mikanda minne, miwili mbele, miwili nyuma, kwisha. Pili, ubao wa kupandishia uwe mrefu, kiuno kisilie. Tatu, taa. Nne, na hapa ndipo wengi wanapolizwa, uzito. Tela zito linakula mafuta, linakula breki, kwenye mteremko linakusukuma kama mkopeshaji. Tazama."

Akalishika puani kwa kidole kimoja, cha mwisho, akalinyanyua huku anatazama angani kama mtu anayepunga upepo.

"Salaalee!" mwenye bucha alisema. "Kidole!"

"Aluminiamu, mkubwa. Hakika."

"Linafika sabini?"

"Twende kwa ushahidi, tusiende kwa mdomo." Mizani ikaingizwa chini ya gurudumu moja, na tofali chini ya la pili ili vilingane. Mshale ukacheza, ukasimama. "Thelathini na tano! Gurudumu moja. Mara mbili ni ngapi?"

"Sabini," mwenye bucha alisema taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mpenzi. Akachutama, akaitazama ile mizani kwa muda mrefu. Akaigusa pembeni. Akasimama akisafisha goti. "Laki tano yako hii hapa." Akatoa bahasha, akaifungua kidogo ili noti zipumue. "Ila nina woga mmoja. Gari langu ni jogoo, nilishasema. Likizidi sabini nitaachwa njiani. Itakuwaje?"

"Haliwezi kuzidi."

"Najua. Lakini likizidi?"

Bahasha ilikuwa bado wazi. Hakika aliona magodoro, aliona mama mkwe akiingia chumbani na kusema ahsante mwanangu, kitu ambacho hakuwahi kukisema katika miaka kumi na moja. "Likizidi, mkubwa, kila kilo unakata elfu moja kwenye bei."

Mwenye bucha akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Elfu moja. Hayo ni maneno ya mtu mwenye wasiwasi na mali yake."

"Mimi? Wasiwasi? Elfu mbili!"

"Mm."

"Elfu tano! Kila kilo inayozidi, elfu tano! Andika! Hapana, nipe kalamu, naandika mwenyewe."

Fundi alikohoa. Alikohoa mara ya pili, kwa nguvu, ila moshi wa kazi yake humkohoza mtu kila siku, na Hakika hakuinua kichwa. Aliandika kwa mwandiko wa kulala, akaongeza "na makato yakizidi bei, muuzaji atafidia" kwa sababu ilisikika vizuri, akatia sahihi yenye mikia miwili. Fundi akatia dole kama shahidi.

"Basi kesho asubuhi niletee pale buchani nilipokee," mwenye bucha alisema, akifunga bahasha. "Tupime mara moja, nikulipe."

"Kwa mizani gani?" Hakika aliuliza, kwa utulivu wote wa dunia, maana mizani ya bucha aliijua. Ilikaa kaunta, mwisho wake kilo ishirini, na hata hizo ishirini zilikuwa na mjadala.

"Ya kwangu tu. Hatutakosa."

Hakika alicheka njia nzima ya kwenda nyumbani. Tela juu ya kaunta! Wangelipandishaje, kwa vipande?

Ijumaa saa mbili walilivuta, yeye na fundi, mpaka mbele ya bucha. Mwenye bucha alitokea na koti lake jeupe lenye ramani za damu.

"Pitisheni nyuma," alisema.

Nyuma ya bucha kulikuwa na ua ambao wateja hawaingii. Kulikuwa na bomba la maji, gogo la kukatia nyama, na pikapu kubwa nyeusi. Katikati ya ua, ndani ya uzio wa mabomba, kulikuwa na bamba pana la chuma sakafuni, na juu yake saa ya mizani yenye uso mkubwa kama sinia. Ng'ombe mmoja alikuwa anashuka hapo, ametulia. Mshale ulikuwa unarudi kutoka mia tatu na kumi.

Hakika alihisi meno yake yote, moja moja.

"Ng'ombe nanunua wazima," mwenye bucha alieleza. "Wachuuzi huwanywesha maji ya chumvi waongezeke. Mtu asipokuwa na mizani ya kweli upande wa kununua, ataishije? Haya, sukumeni."

"Mkubwa, hii ni ya wanyama. Chuma kina uzito wa namna yake."

"Kilo ni kilo, ndugu yangu. Haiulizi kama una kwato."

Tela likapanda. Mshale haukusita, ukapita sabini kama basi linalopita kituo, ukapita mia, ukaja kutulia mia moja tisini na tatu.

Ng'ombe akacheua.

"Limezidi kwa kilo mia moja ishirini na tatu," mwenye bucha alisema. Karatasi alikuwa nayo mfukoni, lakini hakuitoa. "Kilo mia za kwanza kwa elfu tano ni laki tano. Bei imekwisha. Tela langu. Zimebaki ishirini na tatu, na wewe mwenyewe uliandika utafidia."

"Lakini, mkubwa, tela hili halikufai! Gari lako dogo litakufa! Tuvunje mapatano, nirudishie tu, nitalikata, mimi nina shida ya—"

"Gari dogo ni la mke wangu." Mwenye bucha akaelekeza kidevu kwenye pikapu. "Hii huvuta fahali wawili kupanda mlima. Nyuma ina jokofu la nyama, ndiyo maana pikipiki inahitaji tela. Uzito haunisumbui. Mimi nataka tela imara, lisilopinda. Chuma kizuri cha zamani. Nimelipenda sana."

Hakika akamgeukia fundi. "Ulijua?"

"Jumanne alikuja akaniuliza uzito wa kweli," fundi alisema. "Nikamwambia."

"Mbona mimi hukuniambia!"

"Nilikohoa." Fundi akaokota kamba yake. "Halafu yeye alinilipa papo hapo. Na leo nina kazi ya kusogeza ekseli nyuma kidogo, maana pale katikati ulipotaka wewe, tela likipakiwa linacheza njia nzima kama nyoka, litamuua mtu."

"Springi ya pili nayo," mwenye bucha aliongeza, akimpiga Hakika begani kwa upole, kama baba. "Usitumie ya baiskeli. Inalia ukiigusa pembeni. Mimi kwenye kaunta natumia ya saa ya ukutani. Sasa tuzungumze kilo zangu ishirini na tatu. Una kitu?"

Hakika hakuwa na kitu. Alikuwa na saa inayoingia maji. Mwenye bucha akaiweka sikioni, akamrudishia.

Jumamosi saa tisa mama mkwe alifika na kikapu chake, akasalimia wote, akauliza habari za afya, akaenda moja kwa moja kuweka kanga chumbani kwake. Walimsikia akisimama. Chumba kitupu kina sauti yake.

"Mwanangu," aliita, na hakuwa anamwita binti yake. "Njoo uniambie nilale wapi."

"Mama, nitakueleza. Hakika—"

"Usinihakikie. Nioneshe."

Hakika akamwonesha.

Gharama yake ni hii. Vitanda viwili vya chuma. Makopo matatu ya rangi ya fedha. Laki tano ambazo hakuzishika hata noti moja. Asubuhi ishirini na tatu za kusugua gogo la kukatia nyama, kila kilo asubuhi moja, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Na kitanda chake mwenyewe, ambacho mama mkwe analalia upande wa ukutani na mkewe upande wa mlangoni, na yeye yuko sebuleni chini, kwenye mkeka.