Mwanya Wangu na Mpira wa Tyubu

Jumatatu, 4 Agosti
Jumamosi nafungua mdahalo dhidi ya wasichana wa shule ya Kilakala. Hoja kumi na mbili ziko tayari. Mdomo hauko tayari. Mwanya wangu unapitisha penseli (nimepima), na kila nikisema "sisi" unatoka mluzi. Mwalimu Hosiana ameonya: nikiziba mdomo kwa mkono tena, nafasi yangu anapewa Geofrey. Geofrey wa darasa letu hajawahi kumaliza kitabu. Amejaliwa meno tu.

Nimemwomba Mama anipeleke kwa daktari wa meno. Amecheka. "Mwanangu, watu wanautafuta huo mwanya. Unadhani baba yako alinipendea nini?"

Sikutaka kujua.

Jumanne, 5 Agosti
Ugunduzi! Mikungu ya ndizi inashuka milima ya Uluguru kwa bodaboda, imefungwa kwa mpira wa tyubu, barabara ina mashimo yote yale, na haidondoki. Sembuse meno mawili? Nimekata uzi mwembamba wa tyubu ya baiskeli, nikauchemsha (sayansi kwanza), nikafunga meno ya mbele. Ladha ya gurudumu.

Alhamisi, 7 Agosti
Penseli haipiti! Fizi zinauma kidogo. Nimemwamkia jirani shikamoo, mdomo wazi. Ameuliza kama naumwa.

Ijumaa, 8 Agosti
Mpira umepotea. Sijaumeza. Umepanda ndani ya fizi. Mdomo wa juu umevimba, nauona bila kioo.

Mama amenikimbiza kwa daktari wa meno, Daktari Glory. Amenichoma ganzi, ameutoa. Kisha akasema polepole, "Jino limechongoka kama karoti. Mpira unapanda kwenye mzizi. Ungekaa humo, ungepoteza yote mawili."

Mama hakucheka.

Kumbe mpangilio wa meno huangaliwa tangu mtoto akiwa na miaka saba. Kwa kumi na tano sijachelewa. Fizi zipone kwanza, halafu eksirei na vipimo, halafu waya, kama miaka miwili, zikikazwa kila mwezi. Siku za mwanzo zitauma. Miwa na mahindi ya kuchoma, marufuku. Mama ameuliza kama mwanya unaweza kubakizwa, hata kidogo.

Jumamosi, 9 Agosti
Geofrey amesoma hoja zangu zote kumi na mbili. Tatu amezikosea. Tumeshinda. Wasichana wamesimama kumpigia makofi. Mimi nilikaa nyuma na mdomo kama andazi. Mwalimu Hosiana amesema kuanzia sasa mimi niandike, Geofrey aseme.

Jumapili, 10 Agosti
Nimetafakari kwa utulivu. Daktari atakaza waya mara moja kwa mwezi, miezi ishirini na nne. Jumla mara ishirini na nne. Nikizikaza mwenyewe kila asubuhi, namaliza kwa siku ishirini na nne. Ajabu hakuna daktari aliyeiona hesabu hii. Yunusi, fundi saa, amekubali kuniazima koleo ndogo. Sijamwambia ya nini.