Gobore la Babu na Vanishi Yangu

Leo nimeaibika. Tena kwenye kaburi la babu yangu, mchungaji akishuhudia.

Babu aliacha gobore. Halipigi, kifyatulio kilishatolewa zamani. Hukaa ukutani kwa Bibi, Kibuta, na kwa kuwa leo tulikuwa tunasimika msalaba wa Babu, ukoo ukataka liwepo kaburini. Baba mdogo akanipa nije nalo kwangu Mkuza nilisafishe. "Futa vumbi tu," aliniambia.

(Nilimsikia. Nilimsikia vizuri kabisa.)

Tatizo ni simu. Kuna jamaa wa ng'ambo namfuatilia, anachukua bastola za baruti zilizoundwa kwa mfano wa zile za kale, anazing'arisha nyumbani kwake mpaka unajiona sura. Nikasema, huyu ana nini ambacho mimi sina? Nikapiga msasa kitako chote. Kwenye mti palikuwa na kibonde, nikakiziba kwa pati, ule uji mzito wa maseremala. Mtutu nikaupulizia rangi ya fedha. Jana nikapaka vanishi, nikaona haijanoga, nikaongeza.

Asubuhi vanishi ilikuwa bado inanata. Nikalilaza nyuma ya pikapu ya jirani, nikijipa moyo kwamba upepo utaikausha. Vumbi lote la Kisarawe likatua juu yake. Nilitumwa kufuta vumbi, mimi nikalibandika.

Kaburini mtani wetu akawa wa kwanza kuliona. "Jamani, hili mmelipamba linaolewa lini?" Watu wakacheka. Baba mdogo hakucheka. Aliniangalia tu.

Bibi haoni siku hizi. Akanyoosha mikono apewe. Akapapasa kitako, akarudia tena, taratibu.

"Pale pa mkono wake pako wapi?"

Ndipo nikaelewa. Kile kibonde kilikuwa kiganja cha Babu, miaka yote ya kulishika palepale. Hakuna aliyewahi kuniambia, na mimi sikuuliza. Nilitamani nishuke kaburini nimwombe radhi mwenyewe.

"Nimepaziba, Bibi."

Bibi akataka kulirudisha, mkono ukagoma kutoka. Umenata! Baba mdogo anavuta huku, mimi navuta kule, kwaya inarudia ubeti uleule, mchungaji kafumba macho (sidhani kama alikuwa anaomba). Mtani ndiye aliyekimbilia mafuta ya taa.

Mkono ulipotoka, ukaacha alama kwenye vanishi. Kiganja kizima, na vidole vyote.

"Nitapiga msasa upya," nikasema haraka.

"Weee!" Baba mdogo alinikatiza.

Bibi akauliza kuna nini, akaambiwa. Akajifuta mkono kwenye khanga.

"Liacheni hivyo hivyo. Alama ya mume wangu huyu ameifuta. Hii yangu asiiguse."

Sasa niko nyuma ya jiko, nanuka mafuta ya taa. Mkicheka, chekeni taratibu, Bibi asisikie. Na ukitumwa kufuta vumbi, ndugu yangu, futa vumbi.