Kochi la Yeshimebet na Wazee Wasioketi

Sogeeni karibu, enyi mliokulia habari za majemadari na miji iliyozingirwa, vueni viatu na mjipange vizuri, kwa maana leo hazisimuliwi habari ndogo kama hizo. Leo vinasimuliwa vita vya Weizero, yaani Bibi, Yeshimebet binti Demissew, simba jike wa Debre Birhan, mwenye sindano isiyorudi nyuma, aliyelikuta kochi la watu watatu limekwisha kukata roho akalirudisha duniani kwa mikono yake miwili, katika mwezi wa Hidar, baridi ikiwa kali hata kuku wakagoma kutoka bandani. Nami namwomba Mola anipe pumzi ya kutosha, maana mambo makuu hayasemwi kwa sentensi fupi.

Kochi hilo liliingia nyumbani mwaka aliozaliwa binti yake, Wubit. Kwa miaka ishirini na minne lilipokea wageni wa ubatizo, wa misiba na wa sikukuu, wala halikunung'unika. Kisha mikono yake ya mbao ikachubuka, kitambaa kikachanika, na mwisho wa yote mikanda ya chini ikakatika, pakatokea shimo pale katikati. Ndani ya shimo hilo, mwaka jana, mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha mtaa, mtu mzima mwenye mwili wake, alizama mpaka magoti yakamgusa kidevu, ikabidi wanaume wawili wamvute huku amekiinua kikombe chake cha kahawa. Hakumwaga hata tone, na hiyo ndiyo fahari pekee iliyopatikana siku ile.

Aliyeieneza habari hiyo mtaa mzima alikuwa Etagegn, dada wa mumewe, bingwa wa maneno, mwenye ulimi usiojua likizo. "Mwenyekiti wa kuzikana nusura azikwe yeye," alisema kila alipopita, na watu walicheka upya kila mara. Yeshimebet naye alicheka nao kwa adabu, halafu akienda jikoni anaumia.

Basi Jumatatu ikaja habari kwamba wazee watatu wangefika Jumapili, baada ya ibada, kumposa Wubit kwa niaba ya mwalimu mmoja wa hesabu ambaye binti huyo alikuwa akimpenda kupita kiasi. Pesa za nyumba zilikuwa zimekwenda kwenye mabati mapya ya paa. Ato Belihu, bwana wa nyumba, mtu wa amani, akatoa shauri lake.

"Tandika shuka juu yake, mke wangu. Nani atachungulia?"

"Shuka litalifunika shimo, Baba Wubit. Litalijaza?"

Etagegn, aliyekuwa amekuja kuazima ungo, hakuweza kunyamaza. "Wifi, mimi nakushauri uwafunge kamba kiunoni kabla hawajakaa. Angalau tujue pa kuvutia."

Hapo Yeshimebet akasimama kifua mbele, mwiko ukidondosha mchuzi, akatoa kiapo ambacho majirani wanakikumbuka mpaka leo. "Nisikilize, wifi yangu, na ukuta huu uwe shahidi! Jumapili wazee watatu watakaa pale, na wa katikati atakuwa yule mnene kuliko wote, na atasimama mwenyewe bila kushikwa mkono. Ikiwa sivyo, niite jina lolote utakalo. Najua unayo mengi."

"Ninayo," alisema Etagegn, akachukua ungo wake akaenda.

Jumanne asubuhi shujaa alilipindua kochi miguu juu na kulipasua tumbo. Ngawira zilizopatikana humo ni hizi: vibanio saba vya nywele, kijiko, na miwani ya Ato Belihu iliyopotea miaka mitatu, ambayo siku zote alidai mkewe ndiye aliyeitupa. Yeshimebet aliiweka mezani mbele yake. Ato Belihu akaivaa, akaiona vizuri sura ya mkewe, akaivua tena taratibu.

Kisha Yeshimebet akamwendea fundi wa kuziba pancha kule njia panda, akampa mikate mitano ya injera ya moto, naye akampa mipira mikuukuu ya ndani ya tairi za lori, mizigo miwili. Hiyo aliikata vipande virefu, akavisuka chini ya kochi kama asukavyo mkeka, kimoja juu kimoja chini, akivuta kila mkanda kwa mikono, kwa meno na kwa goti lililokita ubaoni, nyundo ikilia hata majirani wakadhani paa linawekwa mara ya pili. Jumatano alilifumua godoro kuukuu la sufu ya kondoo, akaifua sufu kwa maji ya barafu, akaianika, akaichapa kwa fimbo mpaka ikafura, akaishindilia ndani ya mito. Sindano ya kushonea magunia ilimchoma mara tisa. Yeye aliichoma sufu mara elfu, kwa hiyo ushindi ulikuwa wake.

Alhamisi ilikuwa ngumu kuliko zote. Kitambaa cha juu hakikuwepo, ila sandukuni zilikuwamo blanketi mbili za sufu, nyeusi zenye mistari ya kahawia, zilizofumwa huko Menz, alizopewa na mama yake siku anaolewa. Miaka yote hiyo alikuwa akiogopa kuzitumia zisije zikachakaa. Alizishika muda mrefu, akazinusa, akalia kidogo, maana mama alishafariki na blanketi ndizo zilizobaki. "Nisamehe, mama," alisema kwa sauti, "lakini ni mjukuu wako anayeposwa." Akatia mkasi. Ijumaa akakusanya machicha ya kahawa ya juma zima, akayachanganya na mafuta ya kupikia, akaisugua mikono ya kochi mpaka michubuko ikazama na mbao ikarudi kuwa nyeusi na ya kung'aa, nyumba nzima ikinukia kama kahawa inapokaangwa.

Jumapili ikafika. Nyasi mbichi zikamwagwa sakafuni, ubani ukafukizwa, na kochi likasimama katikati ya ukuta kama bibi harusi. Etagegn alikuja kusaidia kumenya vitunguu. Alilitazama kochi, akalizunguka, akalibonyeza kwa kidole kimoja.

"Limependeza. Siwezi kusema uongo siku ya ibada," alisema. Kisha akatabasamu. "Lakini wifi, nani atalikalia?"

"Wazee, si umeambiwa?"

"Wazee wa posa? Wazee wa posa wanakaa tangu lini?"

Kisu kikamponyoka Yeshimebet. Jambo analolijua kila mtoto wa nchi hiyo yeye alikuwa amelisahau kwa kelele za nyundo yake: wazee wa posa huingia, husimama na fimbo zao, wala hawaketi mpaka wajibiwe ndiyo. Na baba mwenye kujiheshimu hatoi ndiyo siku ya kwanza.

"Kaka yangu atawarudisha mara mbili, ndiyo heshima ya ukoo wetu," aliendelea Etagegn, akimenya. "Labda baada ya Pasaka. Na mpaka Pasaka, nani atanizuia kusema kwamba walilitazama wakaogopa?"

Kabla hajajibiwa, hodi ikapigwa. Wakaingia wazee watatu wenye shuka nyeupe mabegani, na kiongozi wao alikuwa Ato Shiferaw, mlima wa mtu, ambaye mlango ulimpokea kwa ubavu.

"Karibuni mkae," alisema Ato Belihu.

"Hatukai," alinguruma Ato Shiferaw. "Tumekuja na neno, ee mwenye nyumba. Neno likipata pa kukaa, na sisi tutakaa. Tunaye kijana, mpole, msomi, asiyekunywa kupita kiasi, na wewe unaye binti. Tupe binti, tukupe mtoto wa kiume."

"Nimesikia, nimeheshimika," alijibu Ato Belihu, akiwa amejinyoosha. "Lakini binti ana wajomba, ana shangazi. Lazima niwaulize. Rudini baada ya majuma matatu."

Wazee wakaitikia kwa vichwa, kwani hawakutegemea vingine, wakageuza fimbo zao kuelekea mlangoni. Nyuma ya pazia la jikoni Wubit alikuwa ameushika mkono wa mama yake kwa nguvu, macho yamejaa machozi. Yeshimebet alizitazama shuka zile nyeupe zikigeuka bila hata moja kuligusa kochi, na moyo ukamuuma kuliko vidole. Akalisukuma pazia, akatoka.

"Wazee wangu, nisameheni, najua si zamu yangu," alisema. "Baba Wubit, baba yangu naye aliwarudisha wazee wako mara tatu. Lakini kwake kulikuwa na vigoda tu, navyo havikuhuzunika kukosa wa kuvikalia. Mimi nimepigana na kochi hili siku nne. Itazame mikono yangu. Unasema wajomba? Wajomba ni kaka zangu, nimeshawauliza, wamekubali wote. Aliyebaki ni shangazi, naye yuko nyuma ya pazia hapo anasikiliza."

"Sisikilizi!" ilisikika sauti ya Etagegn. Halafu, kwa kuwa hamu ya kuona mzee mnene akizama ilimshinda, akapaza sauti: "Mimi nimekubali! Wakae tuone!"

Ato Belihu akatazama huku na huku akitafuta kisingizio kingine, asikipate. Akaitazama mikono ya mkewe, iliyochomeka na kuchubuka, hata bila miwani akaiona. Akacheka, uso wote.

"Nimetoa," alisema. "Kaeni, wazee wangu. Kaeni kabla sijapigwa."

Vigelegele vikapasua jikoni. Ato Shiferaw akalisogelea kochi, akageuka, akajishusha katikati. Mipira ya tairi ikaguna. Kochi likabonyea vidole viwili, likasita, likambeba.

"Hili mmelinunua wapi?" aliuliza, akijitikisa. "Addis?"

"Nimelishona mwenyewe, baba."

"Basi mwambie binti asiolewe bila kufundishwa," alisema, na ili awabariki akasimama, wima, kikombe cha kahawa alichokwisha kupewa mkononi, bila kushikwa na mtu.

Yeshimebet alijifuta machozi kwa ncha ya shuka yake wala hakujificha. Etagegn akatoka na kitunguu mkononi, akajibwaga kwenye nafasi iliyoachwa, akainuka, akajibwaga tena. Akainama, akaichungulia mikanda ya chini.

"Wifi," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, "mimi kwangu nina viti viwili. Utakuja lini?"

Iandikwe, basi, isomwe na wajao: kwamba katika mwezi wa Hidar, huko Debre Birhan, mwanamke mmoja alilitiisha kochi kwa mipira, sufu na machicha ya kahawa, wazee wakakaa siku ya kwanza, na adui akaomba masharti. Na inasemekana kwamba siku hiyohiyo, kando ya tukio hilo kubwa, binti mmoja pia alichumbiwa.