Ufunguo Mkuu Usitolewe Kiunoni Mwangu

Likasi, Juni 1970

Bwana Mkurugenzi,

Ninakuandikia kofia ikiwa kifuani. Mimi ni Isidore, mtunza funguo wa kambi ya wafanyakazi, yule ambaye tumbo lake hutangulia kuingia ofisini. Nimeumizwa na amri mpya ya Bwana François, mkuu wa ulinzi. Anataka ufunguo mkuu, unaofungua kila mlango kuanzia ghala la unga hadi zahanati, ukae katika sanduku lenye kufuli mbili, moja yangu na moja ya karani Étienne. Mimi nibaki na ufunguo wa ofisi yangu tu, kama watu wengine. Nalalamika hivi:

1. Ufunguo huo ndio cheo changu. Nikipita nao, akina mama husema, "Papa Isidore, weye njo chef ya milango yote!" yaani mimi ndimi mkuu wa milango. Bila huo, mimi ni tumbo na mkanda.

2. Eti kila anayeuchukua aandike jina na sababu. Niandike nini siku ninayofungua klabu ili nilale kidogo? Mnanifundisha uongo, na mimi ni Mkatoliki.

3. Bwana François anasema huwa nawaazima watu ufunguo huo. Ni kweli: fundi bomba, wanakwaya, shemeji yangu Adolphe, na labda rafiki yake Adolphe. Lakini wote walinisalimia vizuri sana. Mwizi hasalimii hivyo.

4. Tena nimeshauficha mahali ambapo hakuna mwanamume atakayethubutu kupekua: katika fundo la kitenge cha mama mkwe wangu, Mama Mathilde. Hata mimi, kwa heshima ya ukwe, simtazami usoni wala simdai kitu. Sanduku gani litamshinda?

Basi niachie ufunguo huo peke yangu hadi nistaafu. Ukiniondolea, nitaona haya mbele ya watoto wangu, na hilo silisemi kwa mzaha.

Msalimie Madame, wasalimie watoto, na Bwana François pia, akiuliza.

Mtumishi wako mwaminifu,
Isidore

P.S. Leo ni siku ya kugawa unga. Mama Mathilde amepanda treni ya asubuhi kwenda Kapolowe, na kitenge chake kiunoni. Akina mama wamejaa mlangoni pa ghala na mifuko mitupu, wanalitaja jina langu, wala si kwa sifa. Mimi siwezi kumdai mama mkwe. Tafadhali mtume mtu ambaye hakuoa kwake. Akirudi na ufunguo, asinipe mimi. Ampe Étienne.