Za Mama Mkwe Akishashuka

Jumatatu, 4 Machi

Imefungwa! Redio imo ndani ya gari, mimi nimo ndani ya gari, na sina haja ya kutoka. Kioo chake kipana kama sinia. Spika mbili mbele, mbili nyuma, na besi moja kwenye buti, pale palipokuwa na tairi la akiba. Tairi la akiba limehamia chini ya kitanda. Nyimbo zangu zote, tangu za ujana, zimeingia kwenye memori yake, na bado inasema ina nafasi tele. Huigusi, unaiambia tu. Ndani yake kuna mwanamke mwenye sauti laini, anasema Kiswahili sanifu kunishinda, na akiambiwa kitu anajibu, "Sawa."

Fundi redio alikubali kuchukua kochi letu kubwa kama malipo. Mke wangu kauliza kochi liko wapi. Nimemwambia limekwenda kubadilishwa kitambaa. Kauliza rangi gani. Mimi ni muuza rangi, swali hilo halinishindi. Nikasema rangi ya maziwa. Akafurahi sana, maskini.

Jumanne, 5 Machi

Habari kubwa. Mama mkwe anatolewa mtoto wa jicho Ijumaa, Jumamosi anaruhusiwa, na atapumzika kwetu. Nani atamleta kutoka hospitali? Kwenye kundi la familia wote wamejibu kwa pamoja: Kiyoyozi.

Kiyoyozi ni mume wa dada mkubwa wa mke wangu. Jina hilo nimempa mimi, moyoni, kwa sababu hamalizi sentensi tatu bila kukitaja kiyoyozi cha gari lake. Gari lenyewe linang'aa mpaka unajiona meno. Langu nimelipaka mwenyewe, kwa brashi, rangi ya ukutani iliyobaki dukani. Mlango wa abiria unafunguliwa kwa nje tu. Kwa mama mkwe, Kiyoyozi ni "mwanangu". Mimi, tangu nimwoe binti yake, ni "yule wa rangi". Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba huku anatazama dirisha.

Lakini nimewaza. Jicho moja litafungwa bandeji. La pili lina ukungu, nalo linasubiri zamu yake. Gari linang'aa kwa nani basi? Mama hataona kitu! Atasikia tu! Na kwa kusikia, nani ananiweza? Jumamosi mama mkwe ataniita mwanangu. Nimeapa.

Jumatano, 6 Machi

Nimeandika kwenye kundi la familia kwamba daktari mmoja, mteja wangu, amenionya: hewa baridi ni hatari kwa jicho lililotoka kupasuliwa. Ni kweli ni daktari na ni kweli ni mteja. Alinunua rangi nyeupe. Kwamba yeye ni daktari wa meno sikuona haja ya kueleza.

Kiyoyozi akajibu papo hapo kwamba basi atakizima. Akaongeza kwamba viti vyake ni vya ngozi. Dada mtu akaweka picha ya viti. Wote wakapiga makofi, hata mke wangu! Nikamuuliza yuko upande wa nani. Akasema upande wa mama yake, na akauliza kitambaa cha kochi kitakuwa tayari lini.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya kazi. Duka nimelifunga mapema nikashinda ndani ya gari napanga nyimbo kwenye folda. Folda ni kama kopo la rangi, lisipoandikwa vizuri utajikuta umepaka sebule rangi ya choo. Kwa hiyo majina nimeyaandika kwa ukweli, nisipapase nikiwa njiani. "Za Kumlainisha Mama Mkwe": taratibu, kinanda, za kuomba radhi. "Za Mama Mkwe Akishashuka": besi tupu. "Za Kumkera Kiyoyozi": za kuwasha spika za nyuma peke yake. Na moja ndogo, ya huzuni kidogo, "Za Kusahau Kochi". Hakuna atakayezisoma. Kioo kinanitazama mimi, na abiria wangu ana bandeji.

Jioni, mimi na mke wangu, tukamtembelea mama wodini, kalazwa tayari kwa kesho. Shikamoo, marahaba, dirisha. Nikataja, kama mtu anayepita tu, kwamba gari langu lina redio yenye nyimbo zote za zamani. Akageuka! Akauliza zote? Nikasema zote, mama, na ukitaka wimbo unauambia tu uje. Akamwambia binti yake kwamba wodi hii inamchosha, watu wanakohoa tu, na Jumamosi amchukue yule wa rangi.

Ushindi! Nimerudi nyumbani napiga honi barabara nzima.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimefika hospitali gari limeoshwa. Kiyoyozi naye yuko pale. Akasema kwa kuwa gari lake halihitajiki, yeye mwenyewe atamsindikiza mama. Akajipenyeza kiti cha nyuma, magoti kidevuni, katikati ya spika zangu, pembeni ya mke wangu. Nikasema moyoni, vizuri, asikie kwa masikio yake nikiitwa mwanangu.

Mama mbele. Mkanda nimemfunga mwenyewe. Tumetoka getini. Nikasafisha koo nikasema kwa heshima: cheza nyimbo za mama mkwe.

Fundi hakuniambia. Gari likiwa linatembea, yule mwanamke wa redio hamwachi dereva asome kioo. Anamsomea. Kwa sauti. Kwa usalama.

"Nimepata folda mbili," akasema, kila neno wazi. "Za Kumlainisha Mama Mkwe. Za Mama Mkwe Akishashuka. Unataka ipi?"

Nikasema hapana, futa. Akasema hajaelewa. Nikapiga kelele afunge! Afunge zote!

"Zote. Sawa. Nasoma folda zote."

Nilibonyeza kila kitu. Niliwasha vifuta maji. Akaendelea kusoma. Kiyoyozi akauliza, kwa upole wa kuudhi, Kiyoyozi ni nani. Mke wangu hakuuliza lolote kuhusu kusahau kochi. Nilimwona kwenye kioo cha nyuma. Heri angeuliza.

Tukaenda hivyo mpaka mzunguko wa barabara. Ndipo mama mkwe akasema anataka ile ya pili. Nikasema ipi mama. Akasema hiyo hiyo ya akishashuka, kwa kuwa inaelekea nyimbo nzuri zimefichwa huko.

Nikaicheza. Ningefanyaje? Besi ikatikisa milango. Mama akaanza na kidole gotini, kisha mabega. Kufika nyumbani anatikisa kichwa mpaka mke wangu anamkumbusha bandeji. Nikazunguka kumfungulia mlango. Akauliza ndani kuna pa kujinyoosha. Mke wangu akanitazama, akajibu kwamba kochi limesahauliwa. Mama akasema basi mlango ufungwe, hiki kiti kinamtosha.

Jumapili, 10 Machi

Bado yumo. Kulala alilala kitandani kwetu, lakini asubuhi baada ya uji alirudi garini. Kiti amekilaza, khanga miguuni, dirisha wazi. Anazungumza na redio. Anaiambia, hebu tuliza, na inatuliza. Anaiambia, rudia, na inarudia. Kiyoyozi alikuja kumjulia hali akaambiwa asisimame hapo, anaziba sauti. Hilo lilinipa nguvu kidogo.

Saa ya chai nilimpelekea kikombe kwa mikono miwili. Nikaona uso wake una furaha ambayo sijawahi kuiona. Nikasema leo ndiyo leo. Akakipapasa kioo cha redio kwa kiganja, taratibu, akasema: "Ahsante, mwanangu."

Kwa redio! Mimi nimesimama pale na kikombe! Akaeleza kwamba katika familia yote huyu ndiye pekee anayejibu anapoulizwa na asiyemficha kitu. Halafu, yule wa rangi, sukari haitoshi.

Iliniuma. Sitaficha, iliniuma sana. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya ndoo.

Jumanne, 12 Machi

Sasa naenda dukani kwa miguu na makopo mkononi, kwa sababu gari ni sebule ya mama. Mke wangu amezungumza nami mara moja tu tangu Jumamosi. Alisema anataka kochi, na kwamba uwongo mwingine katika nyumba hii hataki kuusikia, hata mdogo.

Ana haki. Nimekwenda kwa fundi redio moja kwa moja, nia safi kabisa, kudai kochi langu. Nilimkuta amelilalia. Akaniuliza tatizo hasa ni nini. Nikamweleza. Akasema tatizo si kochi. Mama anafuata muziki. Kama muziki ungekuwa ndani ya nyumba, angeingia ndani ya nyumba, gari lingekuwa langu, na safari ya jicho la pili ningemchukua mimi tena, kwa amani. Akanionyesha redio ya sebuleni. Memori mara mbili ya ile ya gari! Nayo inaongea pia. Nikaiambia iseme mwanangu. Ikasema, "Sawa, mwanangu."

Machozi yalinilenga.

Imeshafungwa. Nimeanza folda ya kwanza, na safari hii nimekuwa mwangalifu, jina nimelificha kabisa: "Za Mtu Fulani Aliyekalia Gari Langu".

Fundi hakutaka mengi. Mke wangu akirudi kutoka sokoni nitamwambia meza ya chakula imekwenda kupigwa vanishi.