Koti la Meja Sadalla

Jumatatu, 25 Agosti 1986
Jumamosi kuna maonyesho ya sare za askari wa zamani, uwanja wa shule. Msimamizi ni Mzee Mselem, aliyepigana hadi Burma katika Keya, jeshi la Mwingereza. Ndiye baba yake Mwanasiti. Ndiye pia aliyeikalia posa yangu tangu Mfunguo Mosi! Kasema jawabu nitalipata baada ya maonyesho. Basi lazima anione kwenye gwaride, tena mbele. Tatizo dogo: sina sare. Ayubu fundi baiskeli amerithi ya babu yake, kamili mpaka soksi. Eti mpole. Mpole gani anayepita kwa kina Mwanasiti mara tatu kwa siku?

Jumanne, 26 Agosti
Alhamdulillahi! Nimepata koti kwenye mtumba, Ngamiani. Jekundu, vifungo vya dhahabu safu mbili, kamba za manjano bega la kulia. Muuzaji kaapa ni la meja. Linabana na kuwasha kwapani, lakini nani kamwona meja akijikuna? Shangazi Mwatumu kanipa nishani ya marehemu babu, aliyekuwa mpishi wa Keya. Akaniusia niitunze. Kwani nitaila?

Alhamisi, 28 Agosti
Kikao kwa Mzee Mselem. Masharti, masharti! Sare ya Mjerumani isichanganywe na ya Mwingereza. Cheo usijipandishe: babu alikuwa koplo, nawe koplo. Nishani ya kurithi huvaliwa kifua cha kulia. Kushoto ni kwa mwenyewe aliyeipata, na wengi wao, alisema, wamebaki hukohuko vitani. Tena sare haitoki nje ya uwanja: si sokoni, si barazani. Ayubu akaandika yote. Mnafiki! Mimi sikuandika kitu. Nishani nikiiweka kulia itafunikwa na kamba.

Ijumaa, 29 Agosti
Sukari imefika duka la ushirika, baada ya wiki tatu! Baba mkwe akiletewa kilo mbili, atakataaje? Ila foleni ilizunguka nyumba nne. Nikavaa koti. Watu walivyonipisha! Mmoja kaniita afande. Mwuza duka akauliza natoka kikosi gani. Nikamwambia hiyo ni siri ya jeshi.

Nageuka na sukari yangu, uso kwa uso na Mzee Mselem, yumo foleni, kikapu mkononi. Nikatoa shikamoo. Akaitikia, macho kwenye nishani. Kushoto! Akauliza, taratibu kabisa, mimi Sadalla nilipigana vita gani, nami nimezaliwa vita imeshakwisha. Nyuma yake alikuwa Ernesti, baharia wa zamani. Huyo naye, nani kamwuliza? Akasema makoti haya kayaona sana Ulaya, huvaliwa na mabawabu wa mahoteli. Foleni nzima ilicheka mpaka watu wakashika kuta. Sukari nikanyang'anywa, nikapelekwa mwisho. Ikaisha nimebakisha watu sita. Nilitamani ardhi inimeze, na koti langu.

Jumamosi, 30 Agosti
Nilikwenda hivyo hivyo. Mzee Mselem alinisubiri langoni. Akaibandua nishani mwenyewe, akaifuta kwa shuka yake. Akasema alimjua babu: siku waliyozika wenzao watatu, hakuna aliyetaka kula, babu akapika na akawalisha mmoja mmoja. Sikujua. Akaifunga kwenye leso, akaandamana nayo mkononi. Koti, akasema, nalo lina kazi yake ya heshima. Nikasimame langoni nifungulie wageni milango ya magari.

Magari tisa! Mgeni mmoja kanipa bakshishi. Ayubu alipita na gwaride, nishani kulia, kifua mbele. Mwanasiti alicheka mpaka machozi, lakini alikuwa akinitazama mimi.

Mwisho Mzee akaniambia jawabu bado analo. Niende kesho baada ya alasiri, nikaombe upya, mimi kama mimi, bila koti.

Jumapili, 31 Agosti
Nimeelewa. Somo limeniingia barabara. Nimeamkia Ngamiani, nikamrudishia muuzaji koti lake. Mzee kasema bila koti, na wallahi sitavaa koti! Muuzaji kakubali tubadilishane na kofia nyeupe ya nahodha wa meli, ina nanga mbele. Kofia Mzee hakuitaja.